Umempaka Nini?

Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi mmoja wa siku nyingi mbele ya klabu ya afya ya shule ya sekondari. Ameomba jina lake lisiandikwe. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema, na mwishoni tumeweka baadhi ya maswali aliyoulizwa na majibu yake.

Hamjambo vijana? Marahaba, marahaba. Kaeni. Wa kule nyuma mnanisikia? Haya.

Mwalimu wenu aliponiita alisema, "Mama, njoo uwaambie vijana habari za afya." Nikamwuliza, afya ipi? Akasema chagua mwenyewe. Basi leo nimechagua kuwaambieni habari za mgonjwa mmoja. Mgonjwa huyu hakuzidi urefu wa kidole changu hiki cha kati, na alikuwa na mkia. (Kicheko.) Ndiyo, chekeni. Mkimaliza mtanisikiliza.

Mwaka 1994 nilikuwa Uingereza, najifunza uuguzi. Nilikuwa na miaka 24. Nilipanga chumba kwenye nyumba ya familia moja: baba, mama na mtoto wao wa kiume wa miaka tisa. Mtoto yule hakuwa na mbwa wala paka. Alikuwa na tangi la kioo, na ndani ya tangi mlikuwa na wanyama wawili ambao mimi sikuwahi kuwaona. Siku ya kwanza nilipowaona nilipiga kelele, "Mama yangu! Mijusi ndani ya maji!"

Sasa, wale hawakuwa mijusi. Mjusi ana magamba, ngozi yake ni kavu, na ana kucha. Hawa ngozi yao ni laini, ina unyevu, haina gamba hata moja, na vidole vyao havina kucha. Hawa ni jamaa wa chura. Wako kwenye lile kundi mnalosoma kwenye Baiolojia, amfibia. Tofauti ni kwamba chura akikua hupoteza mkia, hawa mkia wao wanabaki nao. Kwa jumla wanaitwa salamanda, na wale wanaokaa sana majini Waingereza wanawaita "newt". Sisi tuseme nyuti. Kwetu hapa hawapo. Afrika nzima utawapata kaskazini tu, Moroko, Algeria na Tunisia. Ukishuka kusini ya Sahara hakuna.

Wale wa mtoto yule asili yao ni China. Mgongoni weusi, tumboni wekundu wenye mabaka meusi. Rangi ile ni onyo: ngozi yao ina sumu, mnyama akiwala atajuta. Mtoto akaniomba nimpe jina la Kiswahili kwa yule mdogo. Nikamtazama tumbo lake, nikasema, "Mwite Pilipili." Tangu siku hiyo akawa Pilipili.

Basi, jioni moja baba na mama wametoka. Mtoto yuko chini anawalisha wanyama wake minyoo. Mara nasikia analia kwenye ngazi. Akaja chumbani kwangu akasema, "Dada, njoo, wewe ni nesi." Nikashuka. Kumbe wale wawili waligombea mnyoo mmoja, yule mkubwa akafunga mdomo, na alichouma hakikuwa mnyoo. Mguu wa mbele wa Pilipili ulikuwa umekatika. Umebaki kipande tu.

Vijana, nisikilizeni hapa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Habari za nyuti sikujua hata moja. Lakini mtoto ameniambia "wewe ni nesi", na mimi nikavimba kichwa. Nikafungua kabati la dawa la nyumba ile, nikatoa krimu ya vidonda ya watu, ile yenye dawa ya ganzi ndani yake ili kidonda kisiume. Nikampaka. Nikasema maskini, atasikia baridi huyu. Nikachukua bakuli, nikajaza maji ya bomba ya vuguvugu, kama yale tunayomwogeshea mtoto mchanga. Nikamweka humo. Nikamwambia mtoto, "Atapona."

Haikupita nusu saa, Pilipili akalegea. Nikimgeuza chali hajigeuzi. Mnyama mzima ukimlaza chali hugeuka hapo hapo. Huyu alilala tu, tumbo jekundu juu.

Jirani mmoja akatuchukua kwa gari lake mpaka kwa daktari wa wanyama aliyekuwa zamu usiku ule. Alikuwa mama wa makamo, mpole. Akamweka Pilipili kwenye sahani. Akamtazama. Swali lake la kwanza likawa: "Mmempaka nini?"

Nikajibu, "Hatujampaka kitu. Tumemwosha tu."

(Kimya.)

Mnashangaa? Hata mimi nilijishangaa. Uongo ulinitoka kabla sijaufikiri. Nilikuwa naona aibu. Niko ugenini, nasomea uuguzi, na nimemwua mnyama wa mtoto wa mwenye nyumba. Nikaona watanifukuza chumba. Nikaona chuo watapata habari. Yote hayo yalipita kichwani kwa dakika moja.

Daktari akaendelea kupima. Nikamwona anakunja uso. Akasema, "Mguu kukatika hakumfanyi nyuti alegee hivi. Damu aliyopoteza ni kidogo. Kuna jambo jingine." Akawa anatafuta hilo jambo jingine. Akamulika mdomoni, akamulika machoni. Anatafuta kitu ambacho mimi ninacho mfukoni! Maana lile bomba la krimu nililitia kwenye mfuko wa koti langu, lilikuwa pale pale.

Akauliza mara ya pili: "Una hakika hamkumpaka kitu?"

Yule mtoto akaniangalia. Alikuwa ameona kila kitu, maana ndiye aliyenishikia taa wakati nampaka. Na hakusema neno. Macho yamejaa machozi, mnyama wake anakufa, na amenyamaza ili kunilinda mimi dada yake. Hapo ndipo nikashindwa. Nikatoa lile bomba mfukoni, nikaliweka mezani. Nikasema, "Nimempaka hii. Na maji yalikuwa ya bomba, ya vuguvugu."

Nilingoja matusi. Hayakuja. Daktari alisoma maandishi kwenye bomba, akainuka haraka, akaleta maji safi ya baridi yasiyo na dawa, akaanza kumwosha. Anamwosha, anamwaga, anaweka mengine. Anamwosha, anamwaga. Alipomaliza mara ya nne au ya tano ndipo akaniambia, "Ungesema ulipoingia, tungekuwa tumeanza dakika ishirini zilizopita."

Hilo tu. Lakini mpaka leo nalisikia.

Kwa nini krimu ya kawaida ilimlegeza hivyo? Tazameni. Wewe ngozi yako ni kama koti la mvua. Maji hayapiti kirahisi. Ngozi ya nyuti, au ya chura, ni kama kitambaa cha kuchujia chai. Chura hanywi maji kwa mdomo kama wewe, anayanywa kwa ngozi. Sehemu ya hewa anayoivuta pia inapita kwenye ngozi. Kwa hiyo chochote utakachomgusisha kinaingia mwilini. Dawa ya ganzi ambayo kwako inatuliza kidonda tu, kwake inaingia mpaka kwenye damu, inamlaza mwili mzima. Ikizidi, moyo unasimama. Hali kadhalika sabuni iliyobaki mkononi mwako, mafuta ya kujipaka, dawa ya mbu, spiriti. Vyote ni sumu kwake.

Na yale maji? Maji ya bomba ya mjini yanatiwa klorini ili kuua vijidudu, na ni vizuri kwetu. Kwa amfibia klorini inachoma. Na lile vuguvugu nililodhani ni huruma lilikuwa mateso. Nyuti wa aina ile hupenda maji ya baridi, nyuzi 18 hivi. Yakipita 24 anaanza kuumia. Kwa hiyo mimi kwa wema wangu nilimpa ganzi, nikamchoma, nikampikia. Nia yangu ilikuwa njema kabisa!

Basi, zilipita kama saa mbili. Mkia ukatikisika. Daktari akamlaza chali, na safari hii akajigeuza, polepole, kama mzee anayeamka kitandani. Mtoto akanikumbatia. Mimi nilikuwa nalia kuliko yeye.

Daktari akatupa masharti ya kumwuguza nyumbani. Nayasema hapa moja moja, kwa sababu mengi yake ni kanuni za kuuguza kiumbe chochote.

La kwanza, mtenge. Mgonjwa anakaa peke yake kwenye chombo kidogo kisafi chenye kifuniko kinachopitisha hewa. Yule aliyemwuma atamwuma tena, na ugonjwa unaambukiza.

La pili, maji. Kina kifupi, ili aweze kuinua kichwa bila kuogelea. Maji ya bomba yalale usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini iondoke. Lakini miji mingine hutia dawa ya aina nyingine isiyoondoka kwa kulaza maji, hapo lazima ununue dawa ya kuiondoa kwenye duka la samaki wa mapambo. Na maji yabadilishwe kila siku. Kinyesi na mabaki ya chakula vikioza hutoa amonia, na amonia inaunguza ngozi ile ile yenye kidonda.

La tatu, ubaridi na kivuli. Asiwekwe juani wala karibu na jiko.

La nne, mahali pa kujificha. Kigae kilichovunjika au jani vinatosha. Mgonjwa anayetazamwa na watu kumi kila saa hapumziki. Hili hata kwenye wodi zetu lingefaa!

La tano, asilazimishwe kula. Mpe kidogo, asipokula kiondoe. Siku chache bila chakula hazimwui. Chakula kilichooza ndicho kitamwua.

La sita, asishikwe ovyo. Ukilazimika kumshika, osha mikono kwanza, isuuze mpaka isibaki sabuni hata chembe, na mikono iwe na maji. Na ukimaliza kumshika, osha tena kwa sabuni. Ya kwanza ni kwa ajili yake, ya pili ni kwa ajili yako.

La saba, mwangalie kila siku, na uandike. Daktari alitaka daftari. Amekula? Kidonda kina rangi gani? Je, kuna nyuzi nyeupe kama pamba? Hizo ni kuvu, hupenda kuota kwenye kidonda. Je, amevimba kama puto? Je, miguu imekuwa myekundu kuliko kawaida? Hiyo huweza kuwa bakteria zimeingia kwenye damu. Je, mnyama wa majini anang'ang'ania kutoka nje ya maji? Huenda maji ni mabaya. Ukiona lolote katika hayo unarudi kwa daktari, hujaribu dawa ya kabatini.

Mtoto aliandika daftari lile kila jioni. Wiki zikapita. Siku moja akaja mbio: kwenye kile kipande cha mguu pameota kitu kama kichwa cha kiberiti. Kikakua. Kikawa bapa kama kijiko kidogo. Kisha kikagawanyika, vidole! Baada ya miezi kadhaa Pilipili alikuwa na mguu mpya. Nyuti mguu wa mbele una vidole vinne. Wake ulitoka na vitatu vizuri na kimoja kifupi, lakini alikanyagia.

Si hadithi hii, ni sayansi. Mtaalamu mmoja wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliandika mwaka 1768 kwamba salamanda huotesha tena mkia na miguu. Na mwaka 2011 watafiti walitoa taarifa ya nyuti wa Japani ambao lenzi ya jicho iliondolewa mara 18 katika muda wa miaka 16, na kila mara ikaota nyingine nzuri kama ya kwanza. Mara kumi na nane! Mpaka leo wataalamu wanasoma miili yao ili wajue siri hiyo.

Lakini, vijana, sisi hatuko hivyo. Ukipoteza jicho, limekwenda. Na hapo ndipo nataka niwatoe Uingereza niwarudishe nyumbani.

Miaka kama kumi baadaye nilikuwa kazini katika hospitali moja ya wilaya hapa nchini. Akaletwa kijana wa kidato cha tatu. Midomo ina vidonda, macho mekundu, ngozi ya kifua inaanza kuinuka malengelenge. Tukamwuliza, "Umetumia dawa gani?" Akasema, "Sijatumia kitu." Nikamwuliza tena, taratibu. "Sista, sijatumia kitu."

Nikamtazama macho yale. Nikajiona mimi mwenyewe na bomba mfukoni. Lakini kujua kwamba mtu anaficha si kujua anaficha nini. Siku ya pili ngozi ilikuwa inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Tunatafuta chanzo, hatukioni.

Saa ya kuwaona wagonjwa wakaja wenzake watatu wa bweni, wameleta machungwa. Walipomwona, mmoja akatoka nje. Nikadhani hawezi kuvumilia. Baada ya muda akanifuata kwenye meza ya wauguzi, anatetemeka. Akasema, "Sista, mimi ndiye nilimpa." Alimpa nini? Vidonge vya salfa vilivyobaki. Rafiki yake alikuwa anasikia maumivu akikojoa, akadhani ana kisonono, akaona aibu kwenda zahanati. Huyu akamwambia, mimi nina vidonge, nilipewa nikapona, chukua.

Salfa kwa watu wengi haina neno. Kwa wachache mwili unaikataa vikali, ngozi na utando wa macho vinaungua kutokea ndani. Na jambo la kwanza kabisa la kufanya ni kuiacha dawa. Tukainua mto wa mgonjwa. Vidonge vilikuwa pale chini. Alikuwa anaendelea kuvimeza usiku, pale pale wodini, tukiwa tunamwuguza!

Aliishi. Mshukuruni Mungu na yule rafiki. Lakini jicho moja lilibaki na kovu, haoni vizuri mpaka leo. Na kile kilichomwogopesha kiasi hicho? Tulipompima, kilikuwa kitu cha kutibika kwa siku chache.

Kwa hiyo ninyi msije mkasema yule mama alikuja akatupigia hadithi za mjusi wa majini. Nataka muondoke na mambo matatu. Moja, dawa ya mwenzako si dawa yako, kama dawa yangu haikuwa dawa ya Pilipili. Pili, huruma bila kujua inaweza kuua. Kama hujui, sema sijui, tafuta anayejua. Tatu, ukifika kwa daktari ukiulizwa "umetumia nini", sema. Iwe kidonge, iwe mzizi, iwe pombe, iwe kitu ulichopewa na mganga au na rafiki. Anauliza ili ajue pa kuanzia. Na wewe uliye rafiki, ukijua, usimlinde mwenzako kwa kunyamaza. Mwambie kwanza yeye aseme. Akishindwa na hali ni mbaya, sema wewe.

Asanteni. Haya, maswali.

Swali: Mama, kuna faida gani kupoteza fedha na muda kwa mnyama mdogo kama huyo?

Swali zuri, na usione haya kuliuliza. Wangapi hapa wamesikia chura wa Kihansi? Watatu, wanne. Haya. Kule kwenye korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, kuna chura mdogo, urefu wake kama sentimita mbili. Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Hatagi, anazaa watoto waliokwisha umbika. Alikuwa anaishi mahali pamoja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko yale. Mto ukazuiwa kwa ajili ya umeme, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 wakachukuliwa vyura 499 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2003 wale waliobaki korongoni walikufa kwa wingi, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ulionekana kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Lakini wale waliotunzwa walizaana, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 wengine wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, ambako kumewekwa mabomba ya kunyunyiza maji. Sasa kama hakuna mtu aliyejua kumtunza amfibia anayeumwa, kwa joto gani, maji gani, chakula gani, leo tungekuwa na chura huyo? Elimu ile ilianzia kwa watu waliojali wanyama wadogo.

Swali: Je, wanyama hawa wanaweza kutuambukiza ugonjwa?

Ndiyo. Amfibia na wanyama wa jamii ya kobe na mjusi wanaweza kubeba bakteria za salmonela bila wao kuumwa. Kati ya mwaka 2008 na 2011 huko Marekani watu zaidi ya 200, wengi wao watoto, waliharisha kwa salmonela iliyotoka kwenye vyura wadogo wa kufugwa, na asili ya chura wale ni Afrika. Dawa yake ni sabuni na maji. Usioshe tangi la mnyama kwenye karo la vyombo. Mtoto mdogo asimbusu kobe.

Na sisi pia tunaweza kuwaambukiza wao. Mwaka 2013 wataalamu waliipa jina kuvu moja mpya iliyokuwa inawaua salamanda wa porini huko Uholanzi, karibu waishe. Inaaminika ilitoka Asia pamoja na biashara ya wanyama wa kufugwa. Ndiyo maana ukichoka na mnyama usimwachie mtoni, na maji ya tangi lake usiyamwage kwenye kijito.

Swali: Nikimkuta chura ameumia njiani, nimpeleke nyumbani nimfuge?

Hapana. Chura wa porini mahali pake ni porini. Kama yuko katikati ya barabara, lowanisha mikono, mwondoe, mweke penye majani na unyevu upande ule aliokuwa anaelekea. Kisha kaoshe mikono. Na asipakwe kitu!

Swali: Sisi kwetu hakuna nyuti, kuna mbwa. Mbwa wetu akiumia nifanyeje?

Nilikuwa naomba mtu aulize hili. Mbwa mwenye maumivu huuma hata mwenye wake, kwa hiyo usimkumbatie, usimwekee uso karibu. Mwache mahali patulivu, mwite mkubwa, mwite daktari wa mifugo wa kata. Lakini kama mbwa huyo amebadilika tabia, anatoka mate, hawezi kumeza, anayumba au anauma bila kuchokozwa, usimwuguze kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Kaa mbali, toa taarifa.

Na akikuuma, au mate yake yakigusa mkwaruzo, osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Tumia saa. Usipake pilipili, wala mafuta, wala majani, wala maji ya betri. Halafu siku hiyo hiyo nenda hospitali ukaanze chanjo, na uimalize kama ulivyopangiwa. Usingoje kuona kama utaumwa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo inakuokoa. Na usifiche nyumbani eti baba atampiga mbwa, au utaulizwa ulikuwa unatafuta nini huko. Sema.

Swali: Pilipili aliishi mpaka lini?

Nilipoondoka mwaka 1997 alikuwa bado hai. Mtoto amekuwa kijana wa miaka kumi na miwili, anaanza sekondari kama ninyi. Siku naaga alinionyesha lile daftari lake. Ukurasa wa kwanza, tarehe ya siku ile, ameandika mistari miwili. Wa kwanza unasema, Pilipili ameumwa mguu. Wa pili unasema, dada alisema kweli.

Hakuandika kwamba nilianza kwa uongo. Alinisamehe. Lakini mimi nawaambieni ninyi, ili msingoje kuulizwa mara ya pili.

Haya, kengele imelia. Nendeni mkale. Na mikono muoshe!